Nilivyojifunza Kufika Kabla Bajeti Haijafungwa

Mara ya kwanza nilipokwenda Nairobi kuomba serikali itenge fedha za utafiti, nilibeba ripoti ya kurasa 114, na ilikuwa wiki ya pili ya Juni. Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya chakula katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchunguza sumukuvu, yaani aflatoksini, ile sumu inayotokana na kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka sawasawa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui, na katika fani yetu hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linastahili kuchunguzwa. Nilidhani serikalini nako hakuna anayehitaji kuelezwa.

Afisa wa mipango aliyenipokea alikuwa mtu mstaarabu. Aliipekua ripoti akianzia nyuma, kama mtu anayetafuta jumla kwenye risiti, kisha akaniuliza, "Daktari, mnataka shilingi ngapi, na ziingie kwenye programu gani ya wizara?" Sikuwa na jibu la kwanza wala la pili. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye tarehe zilizopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, akanisogezea bila kusema neno. Nilipomwomba anieleze, alicheka kidogo. "Chelewa chelewa, utampata mwana si wako."

Karatasi ile ilinifunza mengi kuliko semina zote nilizohudhuria kuhusu uhusiano wa watafiti na serikali. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, safari ya bajeti huanza na waraka wa Hazina ya Kitaifa, yaani wizara ya fedha, wa kuziongoza idara kuandaa bajeti, ambao hutolewa kufikia tarehe 30 Agosti. Baada ya hapo vikundi kazi vya sekta huketi kupima maombi ya idara na kusikiliza maoni ya wananchi. Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari ikiwa na viwango vya juu vya matumizi ya kila sekta. Makadirio hufika huko kufikia tarehe 30 Aprili. Na mwaka mpya wa kifedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu anayejitokeza Juni, kama nilivyofanya mimi, anakuta viwango vilikwisha kuwekwa tangu Februari, na kila shilingi anayoiomba lazima inyang'anywe mwingine ambaye tayari ameandikwa.

Jambo la pili lililonizindua lilihusu sheria tuliyozoea kuinukuu kwenye makongamano yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na kueleza kwamba utapewa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa kifedha. Fedha zinazotolewa hazijawahi kukaribia kiwango hicho. Wahadhiri wengi, nami nikiwamo, tulikuwa tukidai asilimia 2 kama mtu anayedai urithi, ilhali aliyekaa upande wa pili wa meza ana walimu wa kulipa na madeni ya kupunguza. Sisemi tuache kudai. Ninasema kwamba dai hilo peke yake halikuwahi kuniletea hata chupa moja ya maabara.

Mwaka uliofuata tulianza Septemba. Tulikuwa watano kutoka vyuo vikuu vinne, na sehemu ngumu kabisa haikuwa serikali bali sisi wenyewe, kwa maana kila mmoja alitaka mashine ya maabara yake itajwe. Tulikubaliana mwishowe kwamba hatutaomba mashine hata moja. Tungeomba fedha za kupima sampuli za mahindi ghalani kwa misimu mitatu mfululizo, ili ijulikane ni wapi na wakati gani sumu hupanda. Tuliandika ukurasa mmoja tu: tatizo, gharama, programu ya wizara ambamo fedha zingeingia, na sentensi moja ya wazi kwamba baadhi ya vipimo vingefanyiwa katika maabara zetu, kwa hiyo tuna maslahi. Mwenzetu mmoja alipinga sentensi hiyo akihofia itatudhoofisha. Baadaye ndiyo iliyotufungulia mlango katika Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambako wachambuzi wamechoshwa na watu wanaojifanya hawataki kitu.

Tulihudhuria kikao cha sekta, tukapewa dakika chache, tukamwachia kila afisa ukurasa wetu. Kibali cha chuo cha kuzungumza hadharani kilichukua wiki tatu, na tungekikosa kama tusingekiomba mapema.

Mwezi wa Mei tulifika mbele ya kamati ya Bunge. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na tangazo la kualika maoni lilikuwa limetoka gazetini. Karani wa kamati ndiye aliyetuelekeza namna ya kuandika wasilisho letu. Nilikwenda na mitungi miwili ya kioo yenye mahindi meupe, mizuri kwa macho, yote miwili ikiwa imefungwa kwa utepe. Mmoja ulikuwa na sumukuvu mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Mheshimiwa mmoja kutoka eneo la wakulima aliichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza upi ni mbaya. Nikamjibu kwamba hata mimi sijui, kwa sababu sikuiandika alama, na kwamba nisingejua mpaka niirudishe maabara. Chumba kilitulia. Kisha akauliza swali nililoomba liulizwe kwa mwaka mzima: kupima gunia moja kunagharimu kiasi gani? Safari hii nilikuwa na jibu.

Tulipata takriban nusu ya tulichoomba. Nilisherehekea mapema mno, kwani miezi michache baadaye bajeti ya nyongeza ilipita, na fungu letu likakatwa kimya kimya, kama yanavyokatwa mafungu yasiyo na mtu wa kuyalilia. Hatukuwa tumejua kwamba bajeti iliyopitishwa hufunguliwa tena. Ilitubidi turudi kwa yule yule afisa wa mipango na matokeo ya msimu wa kwanza, tukimwonyesha maghala ambayo yangebaki bila kupimwa, na katika mwaka uliofuata sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudishwa.

Afisa huyo sasa ana namba yangu. Agosti iliyopita alinipigia nikiwa darasani, akasema waraka wa Hazina unakaribia kutoka na anahitaji bei mpya ya kipimo kimoja, kwa maandishi, kabla ya saa kumi jioni. Niliwaomba wanafunzi wanipe dakika tano, nikaketi kwenye ngazi za jengo na kumtumia.