Jicho la mama, kifua cha mama na daftari langu la hisabati

Watu watatu, kwa nyakati tofauti, walinishauri jicho la kushoto la mama ling'olewe ili saratani isisambae. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, ambaye ninamheshimu sana, na nilimsikiliza hadi mwisho kabla ya kumweleza kwamba safari ya ugonjwa ule ilikuwa kinyume na alivyodhani: saratani haikutoka jichoni kwenda mwilini, bali ilianzia kwenye pafu ikafika jichoni kwa njia ya damu. Kuling'oa jicho kungemwachia mama upofu wa jicho hilo, na pafu lingebaki na ugonjwa wake vilevile. Ushauri huo bado ninausikia ukitolewa kwa wagonjwa wengine huku kando ya Ziwa Victoria, na unanikera.

Mama ana miaka 61. Kwa zaidi ya miaka 25 alibanika samaki kwa moshi huko Kayenze, katika banda lisilo na dirisha la maana, na hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alipoanza kukohoa, sote tulisema ni moshi. Kikohozi kilipopita mwezi alipimwa makohozi, hayakuonekana na vimelea vya kifua kikuu, akapewa vidonge na dawa ya maji, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Hapo ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu jibu la kutokuwa na kifua kikuu tulilipokea kana kwamba ni jibu la uzima.

Jicho lilifuata baada ya miezi kama mitatu. Alisema anaona kana kwamba moshi wa bandani umeingia jichoni ukakataa kutoka. Halikuwa jekundu wala halikuuma. Katika kliniki moja ya macho aliangaliwa kwa tochi kwa muda usiozidi dakika tano, tukaambiwa ni mtoto wa jicho anayeanza, tusubiri akomae. Tulinunua na miwani, kama elfu themanini hivi, nayo ikabaki kabatini.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na jioni moja nilikuwa nikisahihisha mama akiwa ameketi karibu yangu. Aliinua daftari moja la mwanafunzi, lile lenye miraba midogo, akaniuliza, "Mwanangu, watoto hawa mnawafundisha kupinda mistari?" Niliutazama ukurasa, mistari yote ilikuwa imenyooka kama ilivyotoka kiwandani. Nikamwomba azibe jicho la kushoto kwa kiganja, akasema mistari imenyooka. Akaziba la kulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema miraba ya katikati imevutwa, kama wavu ulionasa sangara mkubwa. Mtoto wa jicho hufanya kioo cha jicho kiwe na ukungu, hapindishi wavu. Sikuwa na elimu ya udaktari, lakini nilijua kwamba maelezo tuliyopewa hayakulingana na alichokiona.

Kuanzia siku hiyo nilitenga daftari jipya. Kila Jumapili asubuhi, baada ya chai, mama aliketi palepale dirishani, nikaweka nukta nyeusi katikati ya ukurasa, akaitazama nukta hiyo kwa umbali wa kusomea, jicho moja baada ya jingine, akanionyesha kwa kidole mahali mistari inapoharibika. Nilipitisha penseli palepale na kuandika tarehe. Baada ya Jumapili nne, eneo lililopinda lilikuwa limeongezeka kutoka miraba sita hadi zaidi ya ishirini. Kurasa hizo nne zilizungumza kuliko mimi ambavyo ningezungumza mbele ya daktari yeyote.

Nilizipeleka kwa daktari mwingine wa macho, pamoja na majibu ya makohozi. Hakucheka. Alisema wao hutumia karatasi ya namna hiyohiyo, iitwayo ya Amsler, akamtia mama matone ya kupanua mboni, akatazama nyuma ya jicho kwa muda mrefu, kisha akapima kwa altrasaundi. Kulikuwa na uvimbe wenye rangi ya njano iliyofifia chini ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na maji yaliyoiinua retina hiyo. Ndiyo maana mistari ilipinda. Swali lake lililofuata halikuhusu jicho kabisa: "Mama, kikohozi hiki kina muda gani?" Alitueleza kwamba tabaka la jicho liitwalo koroidi hupokea damu nyingi mno, hivyo chembe za saratani zinazosafiri katika damu hunasa hapo kwa urahisi, na kwamba kwa watu wazima zinazofika humo hutoka zaidi kwenye matiti na mapafu. Wakati mwingine jicho hulalamika kabla mtu hajajua kwamba pafu linaumwa. Mtu akienda kwa daktari wa macho, basi, akitaje na kikohozi chake hata asipoulizwa.

Kutoka hapo tulipanda kilima cha Bugando, kwenye hospitali ya rufaa jijini Mwanza. Picha ya kifua, kipimo cha CT cha kifua na cha kichwa, na sindano ya kuvuta maji yaliyojikusanya pembeni ya pafu, ambayo ndani yake zilikutwa chembe za saratani, aina inayowapata hata wasiovuta sigara. Nauli, vipimo na chakula vilikula laki kadhaa, na michango ya ukoo ilisaidia sana.

Mionzi ya jicho ilikuwa siku kumi za kazi. Walitengeneza barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto ikachukua umbo la uso wake, ili kichwa kisisogee. Siku ya kwanza mama aliogopa kufunikwa, nikamshauri ahesabu kwa Kisukuma moja hadi mia, na mashine ikazima kabla hajamaliza. Jicho lilikauka na kuwa jekundu kwa wiki kadhaa. Dripu za saratani za kutibu mwili mzima anapewa kila baada ya siku 21. Daktari hakutuficha: mionzi ililenga kuokoa uono, na ugonjwa wa pafu unadhibitiwa, haujaondoka. Jicho la kulia nalo hukaguliwa, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kushika yote mawili.

Sikuacha lile daftari. Jumapili iliyopita mama aliitazama nukta, akaziba jicho la kulia, akasema wavu umelegea. Penseli yangu ilizunguka miraba mitatu tu, kwenye pembe ya chini. Kisha akaniomba nimsomee tarehe ya kliniki ijayo, akaiandika mwenyewe chini ya ukurasa.