Dole gumba la mama wa Hombolo

Mwezi uliopita, katika kijiji kimoja jirani na Hombolo, mkoani Dodoma, nilimwona mama akitia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ya utafiti wa lishe, baada ya kusomewa kwa Kigogo kwamba majibu yake yatatunzwa kwa siri. Hakuelezwa kwamba majibu hayo yangeweza kupakiwa kwenye programu ya akili mnemba ambayo seva zake ziko ng'ambo.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Sheria basi ipo. Ninachokitamani ni kamati za maadili ya utafiti kumuuliza kila mtafiti, kabla ya kumpa kibali, ni programu gani itakayosoma data, na iwapo kampuni inayoimiliki itabaki na nakala ya kuifundishia.

Sipingi teknolojia hii. AlphaFold, programu ya akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini, iliwapatia wawili wa waundaji wake sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Lakini mama yule alimwamini kijana aliyeketi naye mkekani kumsomea fomu, na kijana mwenyewe, nilipomuuliza, hakujua data zingepelekwa wapi.