Lori Lililokataa Kupata Joto

Mama aliyeleta lile lori alikuwa ameshaambiwa na gereji nyingine kwamba giaboksi imekwisha, anunue nyingine. Karatasi ya bei alikuwa nayo mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika. Lilikuwa lori la kusambaza unga, la gia otomatiki, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Japani. Ilikuwa Julai 2015, na Nairobi ya Julai mnaijua: asubuhi Industrial Area hata makuli wanavaa makoti.

"Mwanangu," akaniambia, "dizeli inaisha kabla mzigo haujaisha. Na dereva anasema linanguruma tu, halitulii hata kwenye barabara tambarare."

Dereva akaongeza kwamba mshale wa joto la giaboksi haupandi. Alilisema kama habari njema, na namwelewa. Sisi mafundi tumezoea kupambana na magari yanayochemka kwenye foleni. Baridi haitoi moshi, kwa hiyo hakuna anayeishtaki. Lakini mafuta ya giaboksi otomatiki yanataka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Yakiwa baridi huwa mazito, na kompyuta ya gari haiiruhusu klachi iliyo ndani ya toki konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, kushika. Isiposhika, injini inaizungusha giaboksi kupitia mafuta peke yake, nguvu nyingine inapotelea humo humo, na injini inalazimika kwenda mbio kuliko inavyostahili. Hapo ndipo ngurumo inapotoka, na dizeli inapokwenda.

Mzee wangu wa gereji, aliyenifundisha kazi, hakutaka tufungue chochote. "Kwanza jua kama ni baridi kweli au ni kihisio kinachodanganya," akasema. Alikuwa na sababu. Ukinzani wa umeme wa kihisio cha joto hupungua kadiri joto linavyopanda. Plagi ikiingia kutu ukinzani unaongezeka, na kompyuta inaamini mafuta ni baridi wakati yanaunguza. Nikaingia chini ya lori na kile kipimajoto cha kulenga bila kugusa. Sampu, yaani beseni la mafuta chini ya giaboksi, ilikuwa ya chuma kinachong'aa, na chuma cha namna hiyo humpa mtu namba za uongo, kwa hiyo nikabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na kupima juu yake. Mashine ya kusoma kompyuta ilionyesha nyuzi 46. Utepe ukanipa 44. Kihisio kilikuwa kinasema kweli.

Basi mzee akaokota kadibodi ya katoni ya sabuni, akaifunga mbele ya rejeta, akifunika zaidi ya nusu. Tukatoka na Mombasa Road kuelekea Mlolongo, dereva kwenye usukani, mimi nimepakata ile mashine, jicho moja kwenye joto la injini tusije tukalichemsha. Mafuta yakaanza kupanda: 50, 58, 65. Tulipokaribia Mlolongo nikasikia injini ikishusha pumzi. Mshale wa mizunguko ulianguka, mwendo ukabaki vile vile. Klachi ilikuwa imeshika! Dereva akanigeukia, "Fundi, umefanya nini?" Sikuwa nimefanya kitu. Giaboksi ambayo mama alitakiwa ainunue upya ilikuwa nzima, ilikuwa ikingoja joto tu.

Sasa baridi ilitoka wapi? Kwenye lori lile mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya tanki la chini la rejeta, yakizungukwa na maji ya injini. Maji yakiwa baridi kupita kiasi, mafuta nayo hayapandi, hata joto linalozalishwa na toki konvata linachukuliwa lote. Tuliporudi tukaliacha lipoe kabisa, kadibodi tukaiondoa. Nikawasha, nikashika paipu ya juu ya rejeta. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ikiwepo na ikiwa nzima, paipu ile hukaa baridi kwa muda, halafu joto linakuja kwa ghafla. Hii ilianza kupata uvuguvugu karibu tangu mwanzo, polepole. Nikamtazama mzee, naye akaninyooshea spana.

Nyumba ya thamostati ilikuwa tupu. Palibaki alama ya duara tu, mahali ilipokaa zamani.

Hiyo ni tabia iliyoenea sana hapa kwetu na inaniudhi hadi leo: injini ikichemka mara moja, thamostati inatolewa na kutupwa, eti nchi yetu ni ya joto. Kilichoichemsha injini hakitafutwi.

Nikaenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, kununua nyingine, ya kufunguka kwenye nyuzi 82. Tuliijaribu kwanza kwenye sufuria juu ya jiko, imening'inizwa kwa waya isiguse chini, kipimajoto pembeni. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kutosha. Ilifunguka kwenye joto lake. Tukaifunga, tukajaza maji ya rejeta na kutoa hewa. Mafuta ya giaboksi tulimwaga, tukaangalia kama yamegeuka rangi ya maziwa kwa unyevu. Hayakuwa hivyo, lakini tuliweka mapya.

Safari hii, bila kadibodi, yalipanda hadi 81 na kutulia hapo. Mama alilipa bei ya thamostati, mafuta na kazi yetu. Kabla hajaondoka, mzee alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika juu ya ile nyumba ya thamostati: THAMOSTATI IMO, USITOE. Kisha akamwita dereva aje asome.