Jina Lake Faida

Arubaini ya bibi ilimalizika juzi, na leo asubuhi mimi na shangazi tumelifungua sanduku lake. Tumekuta doti kumi na saba za kanga, nyingine hazijaguswa na mkasi, zimekunjwa pamoja na asumini zilizokauka hadi zikawa na rangi ya chai. Tulizifunua moja moja tukisoma majina. Japo sipati tamaa sikati. Wema hauozi. Moja, nyeusi kwa nyekundu, imeandikwa Hasidi hana sababu. Shangazi alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa sababu anamkumbuka jirani aliyelengwa, na pia arusi ambayo bibi aliivalia kanga ile makusudi. Bibi hakuwahi kumjibu yule mama hata neno moja. Alijifunga tu, akapita mbele ya baraza yake.

Nikiwa nimeishika kanga ile nilimkumbuka Lubaina Himid. Kazi zake nimekuwa nikizifuatilia kwa miaka, na kila ninapoulizwa wachoraji wa Uingereza wa leo wanachota wapi fikra zao, yeye ndiye wa kwanza kunijia. Kwao anahesabiwa miongoni mwa wakubwa. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mwaka huo huo ndipo walipoondoa sharti la kuwazuia waliovuka miaka 50. Lakini amezaliwa hapa hapa Unguja, mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu wa Komoro, mama yake Mwingereza. Baba alifariki kwa malaria, na mama akarudi kwao akiwa na mtoto wa miezi minne.

Miezi minne. Mtoto wa umri huo hata kukaa hajajua. Kisiwa hiki hakikumwachia sura wala harufu ambayo angeweza kuikumbuka. Alikulia kwa mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, katikati ya nakshi na rangi, na kitambaa ndicho kilichokuja kuwa njia yake ya kurudi. Kanga imo katika kazi zake nyingi. Mwaka 2018, huko Gateshead, Uingereza, alitundika vitambaa vikubwa mfano wa bendera, vyenye mji, pindo na maneno, kama ambavyo mwanamke yeyote wa pwani angevitambua bila kuelezwa. Nilipoviona pichani jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta jina. Ndivyo tunavyoisoma kanga: macho hushuka chini kwenye maandishi kabla hayajaona ua.

Hapa alirudi mara ya kwanza mwaka 1997, na miaka miwili baadaye akachora mfululizo alioupa jina Zanzibar. Hakuna mitaa ya Mji Mkongwe humo wala majahazi. Kuna rangi nyembamba, na michirizi inayoteremka kama mvua au kama machozi. Kinachonishika zaidi ni kwamba picha zile ziko mbili mbili, kila moja na mwenzake. Sijui kama alikusudia, lakini mimi naona doti.

Michael Armitage naye, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, amekiacha kitambaa cha kawaida cha wachoraji. Anatumia lubugo, gome la mutuba ambalo Waganda hulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi lilainike, na ambalo tangu zamani huwazikia watu wao. Gome lile huja na matundu na mishono, na yeye huyaacha yaonekane, hata yakiangukia katikati ya uso wa mtu. Namheshimu sana kwa hilo. Ila moyo wangu leo uko kwa Himid, na sababu yake iko chini kabisa ya sanduku.

Chini ya kanga zote tulikuta kaniki. Kipande kimoja, cheusi, kimechakaa pembeni. Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Hiki cha Faida."

Faida alikuwa bibi yake bibi. Nilijua tu kwamba alitoka bara. Leo ndiyo mara ya kwanza shangazi kunieleza waziwazi kwamba alinunuliwa, na kwamba jina la Faida alipewa na waliomnunua. Wengi waliitwa hivyo: Mabruki, Baraka, au siku waliyoingia nyumbani. Utumwa ulipoondolewa kisheria hapa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wakijifunga kaniki, nguo ya watumwa, waliiweka kando wakanunua kanga, ili wanapopita njiani asiwepo wa kuwajua kwa nguo. Faida naye alinunua. Lakini kaniki hakuitupa, na bibi naye hakuitupa.

Himid ana kazi moja ya mwaka 2004 inayohusu mambo haya hasa. Alikata maumbo ya watu mia moja kwa plaiwudi, kila mmoja kwa kimo cha mtu mzima, akawapaka rangi nzito na kuwavika mavazi ya fahari. Ni Waafrika waliotumikia katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafunza mbwa, waganga wa mitishamba, wachora ramani. Watazamaji hupita katikati yao kama mtu anayepita sokoni. Mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi ya hesabu, kama stakabadhi ya duka, na humo mtu mwenyewe anazungumza: jina langu ni hili, wao wananiita hivi, zamani nilifanya kazi hii, sasa nafanya hii, lakini nimebaki na kitu hiki. Jina la kazi yenyewe ni Naming the Money, yaani kuipa fedha majina. Nilipoisoma miaka iliyopita niliona ni ubunifu mzuri. Leo, kaniki ikiwa mapajani mwangu, sikuweza kuendelea kuifikiria kwa muda. Mtu aliyenunuliwa akaitwa Faida.

Nilimuuliza shangazi jina la mwanzo lilikuwa lipi. Alisema bibi aliwahi kuuliza akiwa mdogo, na Faida akamwambia atamtajia akikua. Alifariki kabla.

Mchana shangazi alikata ile doti ya Wema hauozi, akawa anapinda ncha kwa mkono ili tugawane, yeye kipande na mimi kipande. Mimi nilikuwa na kadi ya boksi la viatu na kalamu. Nilitaka kuiweka sandukuni pamoja na kaniki, ili atakayelifungua baada yetu asikute kitambaa cheusi tu. Nimeandika hivi:

Jina langu ni
Waliniita Faida.
Kwetu nililima.
Hapa nilichota maji na kutwanga.
Lakini nina wajukuu.

Mstari wa kwanza nimeuacha kama ulivyo. Kulima ni kukisia kwangu, na shangazi amesema tuuache, kwani bara nani hakulima. Kisha akaniomba nimtungie uzi sindanoni, macho yake hayaoni tena tundu.