Siku moja nikiziba bwawa langu linalovuja

Saa 12 asubuhi. Julai Dodoma ni baridi na upepo, nimevaa sweta la mume wangu. Bwawa langu la perege liko nyuma ya jiko hapa Nala, mita 3 kwa 2. Wiki iliyopita nililipima: nilisimamisha ndoo ya maji ndani yake, maji ya ndoo yakiwa sawa na ya bwawa. Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua chini ya sentimita 1, bwawa sentimita 9. Jua huchukua kote sawasawa, kwa hiyo zile nyingine zilinywewa na ardhi. Perege sasa wako kwenye tanki la plastiki kwa dada.

Saa 1. Mdogo wangu anasomba udongo wa kichuguu kwa toroli. Wengi walinishauri nichukue ule mweusi wa mbuga. Nilikataa. Ukilowa huvimba na kuziba vizuri, lakini huku maji yakikatika Oktoba, bwawa likakauka, utapasuka hadi mkono uingie. Nalowesha bonge la kichuguu, nalisokota liwe jembamba kama penseli, kisha nalikunja duara. Halikatiki. Mchanga ungekuwa mwingi, lingevunjika.

Saa 3. Tunang'oa mizizi ya mgunga iliyopenya chini na kuchimbuachimbua sakafu ili udongo mpya ushikamane nayo.

Saa 4. Babu wa jirani anaingia, anasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Anafinya udongo wangu, maji yanatoka katikati ya vidole.

"Mwanangu, huu umelewa."

"Nimezidisha, babu?"

"Uanike kidogo. Ukiufinya ubaki bonge, kiganja kisiloe."

Ni kweli: ukilowa sana unateleza chini ya gogo la kushindilia badala ya kubanana, ukikauka sana unabaki na matundu. Mwaka jana nilimwaga wote kwa mkupuo nikashindilia juu tu. Chini ulibaki laini, ndiyo maana maji yalipita. Leo tunatandaza sentimita 15, tunashindilia kwa gogo lenye mpini mpaka kisigino kisiache alama, ndipo tabaka la pili.

Saa 7. Ugali wa mtama na mlenda, tumekula haraka.

Saa 8. Si haraka ya kutosha. Upepo umekausha uso wa tabaka la kwanza, umekuwa mweupe na nyufa za uzi. Nimeumia, lakini siwezi kulifunika hivyo hivyo. Matabaka mawili yasiposhikana, maji yatatambaa katikati yake. Tunakwangua kwa reki, tunanyunyiza maji, tunashindilia upya. Saa nzima imekwenda hapo.

Saa 11 na nusu. Sakafu imetimia sentimita 30. Tunaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, mawe pembeni.

Saa 2 usiku. Nimetoka na tochi kuyanyunyizia tena. Kesho ni zamu ya kuta, kuanzia chini kwenda juu.