Mpagazi wa Kirene

Masomo: Marko 15:21, 2 Samweli 23:13-17, 39

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii ina Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na jumuiya imenipa mimi zamu ya kuandika kwa sababu, eti, mzee anajua historia. Historia siijui. Nilikuwa karani wa mizigo kwenye reli hapa Tanga mpaka nilipostaafu, na ninachokijua vizuri ni daftari. Daftari langu lilikuwa na safu ya jina la mpelekaji, safu ya jina la mpokeaji, idadi, uzito na nauli. Gunia la machungwa kutoka Muheza lilikuwa na majina mawili juu yake. Kuli aliyelitoa behewani kwa mgongo wake hakuwa na safu. Miaka yote ile sikuliona hilo kuwa jambo la kutazamwa mara mbili.

Sasa mtazame Marko. Askari wa Kirumi wanampeleka Yesu kusulubiwa, na msalaba umemzidi. Kuna mtu anapita zake, katoka shamba. Wanamkamata. "Wakamshurutisha," ndivyo Biblia yetu inavyosema, na ndivyo ilivyokuwa: askari wa Kirumi alikuwa na ruhusa ya kumsimamisha raia yeyote na kumtwisha mzigo. Neno hilohilo la Kigiriki ndilo Bwana alilolitumia mlimani aliposema mtu akikulazimisha maili moja, nenda naye mbili. Na mtu huyu ni wa Kirene, pwani ya kaskazini ya Afrika, nchi tunayoiita Libya leo. Mwafrika, katoka shamba, kashikwa na wenye silaha, katwishwa mzigo usio wake kwenye shughuli isiyo yake.

Mtu wa Tanga akisoma hapo asipokumbuka kitu, basi hakulelewa na bibi.

Mnajua wote habari za Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakiwa ndio watawala wa hapa na Waingereza wakija kuunyakua mji. Meli zilitoka Bombay na askari wapatao 8,000, Wahindi na Waingereza, wakashukia pale Raskazone ambapo leo watoto wetu wanaogelea na kula mihogo ya kukaanga. Wajerumani walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa yao iliteremshwa kwa treni kutoka Moshi, kwa njia ileile niliyoifanyia kazi. Tarehe 4 wakapambana mjini na mashambani. Nyuki wakachokozwa na risasi, wakatoka, wakauma pande zote mbili bila kuuliza nani ni wa mfalme gani. Tarehe 5 waliokuja na meli wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi tele, na maiti zaidi ya 300. Julai 1916 walirudi wakauchukua mji.

Hadithi ya nyuki kila mtu anayo. Anaisimulia kinyozi, anaisimulia dereva wa daladala, na tunacheka. Hata mimi nacheka. Lakini semeni kweli: nyuki wa Tanga wana jina kubwa kuliko mpagazi yeyote wa vita vile.

Maana vita haviishi siku mbili. Viliendelea mpaka Novemba 1918, kutoka huku hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na kwa kuwa punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa wanakaribia 100,000. Wengi wao risasi haikuwagusa. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi na hana muda wa kuupika ukaiva, tumbo likamwua njiani. Kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndicho kilichotupa jina la Kariakoo, kwa kuwa walipiga kambi pale Dar es Salaam. Leo ukisema Kariakoo mtu anafikiria vitenge na simu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbondei wa Muheza. Baba yake alichukuliwa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilimwuliza, walimchukua Wajerumani au Waingereza? Hakujua. "Walikuja watu wenye bunduki," basi. Mama yake alimngoja mpaka akachoka kungoja, akaolewa kwingine, na huko hawakupenda mume wa kwanza atajwe. Hivyo Bibi alikua akimwita "baba" tu, na sisi tukamwita "babaye Bibi". Jina lake silijui. Simjui hata kwa jina la utani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kila Siku ya Mashujaa tunasoma Yohana 15:13, "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake." Ni neno la Bwana, siligusi. Lakini nimeacha kulisoma juu ya kila kaburi. Babaye Bibi hakuutoa uhai wake. Alinyang'anywa. Nikisema aliutoa nitakuwa nampamba yule aliyemnyang'anya, na nitakuwa nimemsingizia marehemu uamuzi ambao hakupewa nafasi ya kuufanya. Bwana mwenyewe alilinda tofauti hiyo aliposema habari za uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe" (Yohana 10:18). Kutoa ni kutoa, kuondolewa ni kuondolewa. Sadaka ya msalaba ina uzito wake kwa sababu ni ya hiari, na tukiita kila kifo sadaka, hata neno sadaka tunalichakaza.

Sasa, je, huyu aliyeshurutishwa hana sehemu? Rudini kwa Marko. Injili haisemi Simoni alijitolea. Haimpaki rangi. Inasema wazi alishurutishwa. Halafu, na hapa karani mimi nilishtuka, inamwandika kwa jina. Simoni. Mji wake, Kirene. Alikotoka, shamba. Na watoto wake wawili, Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wa kwanza wa Marko waliwajua vijana hao na wangeweza kuwauliza, "Hivi kweli ni baba yenu?" Jina la akida aliyetoa amri hatulijui. Majina ya waliopiga misumari hatuyajui. Mpagazi ndiye aliyepewa safu.

Pale Dar es Salaam, katikati ya mji, kuna sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimesimama pale zaidi ya mara moja. Ni maneno mazuri, na kwangu mimi si ya kweli: mtoto wake alikuwa Bibi, na hakulijua. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia imepita. Namshukuru Mungu kwa radhi hiyo, sibezi, ila mwenye kuombwa radhi hayupo wa kuitikia.

Luka anaongeza neno moja: Simoni aliubeba msalaba nyuma ya Yesu. Aliyeutoa uhai kwa hiari yake alitangulia, aliyeshurutishwa akafuata, njia moja, mti mmoja. Sina maelezo marefu ya hapo. Ninapomwombea mamaye Bibi na kumfikiria mumewe wa kwanza huko porini asikokujua mtu, huwa naishika picha hiyo tu: kwamba mbele yake alikuwapo Mwingine, na mzigo ule Yeye aliuanza.

Somo la pili ni la wale waliotoa kweli. Daudi yuko pangoni, ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Bethlehemu imeshikwa na Wafilisti. Hakuamuru, alitamani tu kwa sauti. Mashujaa watatu wakapenya, wakateka maji, wakamletea. Akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, akauliza, ninywe damu ya watu hawa? Zamani niliona ni ufujaji. Watu wamehatarisha roho zao, unamwaga? Leo naona Daudi alielewa kwamba kuna vitu ambavyo gharama yake ikishajulikana, huwezi tena kuvinywa peke yako.

Uhuru ni maji ya namna hiyo. "Mliitwa mpate uhuru," anasema Paulo kwa Wagalatia, "lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Wako waliolala Naliendele, Mtwara, kwa ajili ya uhuru wa Msumbiji, uhuru wa jirani, sio wao. Wako waliolala Kaboya, Muleba, tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hao hawajawa historia bado. Katika jumuiya yetu yuko mzee mmoja aliyekwenda Kagera, mnamjua, hapendi kutajwa. Mwaka jana watoto wa Jumapili walimwuliza aliua maadui wangapi. Walimu tukaona aibu. Yeye hakukasirika. Aliwatajia watu watatu aliowaacha kule, jina la kila mmoja na kwao: mmoja Handeni, mmoja Songea, mmoja Kigoma. Kisha akawaambia watoto warudie. Wakarudia. Akawaambia tena. Sikuwahi kusikia hotuba ya Mashujaa iliyozidi ile.

Na sura hiyohiyo ya Samweli ina orodha ya mashujaa wa Daudi. Inakwenda jina kwa jina mpaka mwisho, na wa mwisho kabisa ni nani? Uria, Mhiti. Yule Daudi aliyemchukulia mke, akamrudisha vitani na barua mkononi ya kumwua, Uria akiwa hajui kuwa amebeba kifo chake mwenyewe. Mpagazi mwingine! Mwandishi wa mfalme angeweza kuishia na wa 36, na hakuna ambaye angeuliza. Hakuishia. Aliandika Uria, akafunga hesabu: 37.

Nalichukulia hilo kama agizo la kikarani kutoka kwa Bwana. Siku hizi, nikienda soko la Mgandini, kijana akinibebea kapu namwuliza jina na la baba yake. Mwanzoni anadhani nataka kumshtaki. Na nyumbani kwetu, wapendwa, kuna wasichana wanaotupikia ambao tunawaita "dada" mwaka wa tatu sasa na hatujui ubini wao. Nasema kwetu kwa sababu hata kwangu ilikuwa hivyo hadi Pasaka.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesema kwa Isaya, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu: wale tuliowapoteza kwenye madaftari yetu, wewe hukuwapoteza. Wajane wao na watoto wao walikuita, ukasikia. Utufundishe kuyashika maji haya ya uhuru kwa mikono inayotetemeka. Amina.

Jumuiya ijayo nitakuja na daftari, jipya, lile kubwa la mistari. Kila nyumba ije na jina la mtu wao aliyekwenda vitani asirudi, vita vyovyote, upande wowote, mwenye bunduki au mwenye mzigo. Wasiojua jina waje na walichonacho. Majirani zetu Waislamu wa barabara ya kumi na nne nimeshawaambia, nao wana watu wao, na mama mmoja ameahidi kuleta majina mawili. Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe jana usiku. Safu ya jina nimeandika: Babaye Bibi. Safu ya alikotoka: Muheza, shambani. Safu ya mzigo nimeiacha wazi.