Mstari wa Manjano

Watu wakibishana kama sura za magari zinapendeza zaidi siku hizi au zinaharibika, mimi hukumbuka gereji moja ya Nakuru. Januari 2004 nilikuwa nimemaliza darasa la nane, matokeo yametoka, nangoja barua ya kidato cha kwanza. Baba alikuwa na gari moja tu, Peugeot 504 nyeupe, ile ndefu ya safu tatu za viti, akibeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Ndilo lililotulisha na kutusomesha. Na mwezi ule lilikuwa limebakiziwa wiki tatu barabarani.

Waliokuwako watakumbuka. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametoa kanuni mpya za matatu: kufikia tarehe 1 Februari kila kiti kiwe na mkanda, gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na bodi izungushiwe mstari wa manjano. Mafundi wa rangi mjini Nakuru hawakulala. Kila uwanja wa jua kali ulijaa magari yaliyofunikwa magazeti madirishani, na harufu ya thina ilikufikia kabla hujaona gereji yenyewe.

Gari letu lilikuwa na jeraha juu ya hayo. Mkokoteni wa viazi uliponyoka sokoni ukaligonga madigadi ya kushoto, karibu na taa, bati likabonyea kama bakuli. Baba akaamua kazi zote zifanywe mara moja, akanichukua nikakae na gari mchana kutwa, maana betri zilikuwa zinapotea sana siku hizo.

Fundi tuliyemwendea tulimwita Mzee wa Bodi. Alijifunza kunyoosha bati kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na gereji mjini, akiwa kijana, na sasa nywele zilikuwa nyeupe zote. Gereji yake ilikuwa uwanja wazi upande wa viwandani, mjakaranda mmoja, kompresa moja, na mabati chakavu yaliyoegemezwa ukutani. Alinitazama nimekaa kwenye gurudumu kuukuu, akasema, "Binti, hapa hatukai bure. Njoo."

Akanishika kifundo cha mkono, akakilaza kiganja changu juu ya madigadi ya kulia, ile nzima.

"Funga macho. Macho hudanganywa na mwanga. Haya, tembeza."

Nikatembeza. Bati lilianza juu ya taa, likapanda polepole, likatulia, kisha likaanza kuteremka kuelekea mlangoni, na sikuweza kusema hapa ndipo lilipogeuka. Chini yake nilipapasa mkunjo mwembamba uliopita ubavuni usawa wa vitasa vya milango, mkali kama kwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri. Akanirudisha nianze tena. Mara ya tatu nikasikia kitu ambacho hadi leo nikikieleza watu hunitazama tu: kwamba mtu fulani alikuwa amekaa akafikiri kuhusu mahali hapo pa bati, pa upana wa kiganja changu, na akaliacha pale tu liliporidhisha.

Baadaye sana ndipo nilipojua ni nani. 504 ilichorwa Italia, katika nyumba ya Pininfarina, na mchoraji aliyetajwa ni Aldo Brovarone. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu haikuhitaji kutangazwa, kwa sababu ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, katika matope na vumbi ambalo watu wazima wote wa Nakuru walilijua kwa jina la kila kona. Lakini siku ile nilijua tu kwamba taa zake zina pembe zilizolegea kidogo juu, kama macho ya mtu anayerembua, na kwamba nilikuwa nimezitazama miaka yote bila kuziona.

Mzee akaingia chini ya madigadi iliyobonyea. Mkono mmoja ulishika kipande cha chuma upande wa ndani, mwingine nyundo upande wa nje, na akawa anagonga kwa utulivu, hapigi kwa nguvu. Aliniambia nisikilize. Bati lililovutika lilitoa sauti nzito, dup, dup, na kila alipolirudisha mahali pake sauti ikawa nyembamba zaidi, hadi likalia kama sufuria nzuri. "Limerudi," akasema. Filla, ule uji mzito wa kuziba mabonyeo, aliyopaka juu yake ilikuwa nyembamba kama siagi kwenye mkate wa mtu maskini. Aliwachukia mafundi wanaojaza shimo kwa filla nene na kuliita kazi. "Hiyo si kunyoosha, ni kuzika."

Saa nne chai ikaja, na madereva waliokuwa wanangoja foleni wakaanza mabishano. Kijana mmoja mwenye Nissan alisema magari ya zamani yalikuwa masanduku na sasa ndipo wazungu na Wajapani wamejua kuchora. Mwingine akaapa kwamba Mercedes ile ya macho manne ya mviringo ni uso wa chura, na kwamba tangu mwaka 1995 ilipotoka hakuna gari zuri tena. Mtu wa tatu alisema Corolla zote mpya zinafanana, ukiegesha Nyayo Gardens unaweza kufungua la jirani. Kando yetu kijana mchoraji alikuwa anasugua kwa msasa simba mkubwa aliyemchora mwenyewe ubavuni mwa matatu, mwaka mmoja tu uliopita. Mwenye gari aliogopa kukamatwa na mchoro huo kanuni mpya zikianza. Simba aliondoka kuanzia miguu. Kijana hakusema neno, na sisi tukapunguza sauti bila kuambizana.

Nilitaka Mzee aseme. Nilikuwa na hakika atasema nini, maana nilikuwa nimetoka kulishika gari zuri kwa mikono yangu. Nikauliza kwa niaba ya upande wangu: "Mzee, mbona siku hizi hawachori tena kama hivi?"

Akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akatuongoza nyuma ya uwanja, mimi na Baba aliyekuwa amerudi na mikanda ndani ya gunia.

Kulikuwa na magari mawili pale, yote yametoka ajalini kwenye barabara kuu. La kwanza lilikuwa saluni ya zamani, ya umri wa 504 yetu, sitaitaja ya kampuni gani. Lilikuwa limepinduka, na paa lilikuwa limeshuka likakutana na migongo ya viti. Nguzo za kioo cha mbele zilikuwa zimejikunja kama mabua. La pili lilikuwa Corolla ya miaka ya tisini, pua yote imesagika, injini imeonekana, lakini chumba cha abiria kimesimama na milango minne ingali inafunguka.

"Pima nguzo," Mzee akaniambia.

Nikapima. Ya lile la zamani ilikuwa vidole vyangu vitatu. Ya Corolla ilikuwa kiganja kizima na zaidi.

"Ile nyembamba ndiyo nzuri," akasema. "Unaona barabara yote, unaona mlima wa Menengai, unaona mtoto anayevuka. Mchoraji aliitaka hivyo na mimi naipenda hivyo. Lakini mimi ndiye ninayeosha viti vikiletwa hapa. Kwa hiyo nguzo ikinenepa silalamiki. Pua ikifanywa laini ili ikunjike yenyewe kabla ya miguu ya mtu, silalamiki, hata kama nitaitupa badala ya kuinyoosha. Ubaya wenye sababu nausamehe. Ubaya wa bure ndio sitaki kuuona."

Baba hakujibu. Alikuwa ameinama, gunia la mikanda begani, akitazama lile paa.

Leo nakagua magari yaliyopata ajali, hapa Nakuru, kazi ya kuandikia kampuni za bima ripoti, na maneno yale ya Mzee ndiyo kipimo changu katika mjadala huu wa kama sura za magari zinapendeza zaidi au zinaharibika. Watu hutaka jibu moja. Mimi hutenga. Boneti zimeinuka na pua zimekuwa butu, na wengi huona zimenenepa tu. Sehemu ya sababu ni kwamba Ulaya ilitunga sheria mwaka 2003 ya kumlinda mtembea kwa miguu, ili kichwa kikiangukia boneti kikute nafasi kabla ya kukuta injini. Katika nchi ambayo watu wanatembea kandokando ya barabara kuu kuanzia alfajiri, siwezi kuuita huo ubaya. Taa za mviringo za magari ya zamani nazo hazikuwa za mapenzi peke yake: Marekani iliwalazimisha watengenezaji kutumia taa za mviringo za kipimo kilichowekwa tangu 1940, na za mstatili zikaruhusiwa katikati ya miaka ya sabini tu. Kwa hiyo hata uzuri wa zamani ulikuwa na sheria nyuma yake, na wachoraji hodari walichora ndani ya sheria hiyo.

Lakini matundu makubwa ya pua yanayochukua uso mzima, hayo nayakataa. BMW ilitoa gari mwaka 2020 lenye meno marefu kutoka boneti hadi chini ya bampa, na wengine wengi wana midomo kama hiyo, mingi ikiwa imezibwa plastiki nyeusi isiyopitisha hewa yoyote. Hewa ya kupoza injini haihitaji mdomo huo. Taa zimekuwa mistari myembamba iliyokunja uso, kila gari linakutazama kama umelikosea. Ubavuni kuna mikunjo mitatu, minne, inayoanza mahali popote na kuishia popote. Nikifumba macho nikatembeza kiganja, mkono haujui unaambiwa nini. Na madirisha ya nyuma yamekuwa matundu, mtoto aliyekaa nyuma haoni hata Ziwa Nakuru likipita. Hilo linaniuma kuliko mdomo. Mimi nililijua taifa hili kupitia dirisha la nyuma la 504.

Hapo ndipo ninaposimama: magari yamekuwa mema zaidi kwa mwili wa binadamu na makali zaidi kwa jicho lake, na hakuna aliyelazimisha mambo hayo mawili kwenda pamoja. Toyota Probox ni shahidi wangu. Ilitoka 2002, ni sanduku, haijifanyi kitu kingine, kila mstari wake una kazi, na jioni ikipita Kenyatta Avenue imejaa kreti hadi darini mimi huiona ni nzuri.

Turudi uwanjani. Mstari wa manjano ulibaki wa mwisho. Mafundi wengine walikuwa wanavuta kamba kutoka taa hadi taa, wanabandika tepu mbili, wanapuliza, dakika ishirini gari limetoka. Baba alitaka hivyo hivyo. "Fundi, piga mstari tu, abiria wananingoja."

"Mstari tu hupigwa ukutani," Mzee akasema. Akamwambia arudi kesho alfajiri.

Kulikuwa na sababu ya alfajiri. Nakuru ya Januari ni vumbi. Wazee husema hata jina la mji kwa Kimaasai ni la vumbi. Ikifika saa tano upepo unazungusha nguzo za vumbi katikati ya uwanja, na chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi imeolewa hapo. Tulifika saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa ameshamwagia uwanja maji kwa ndoo, ardhi yote imelowa, hakuna hata jani linalotikisika. Nyuma ya mji Menengai ilikuwa bado nyeusi.

Akanipa mwisho mmoja wa tepu. Nikauvuta, nikidhani ndiyo kazi.

"Usiuvute. Ufuate."

Ule mkunjo wa ubavuni, niliokuwa nimeupapasa jana yake, haukuwa umenyooka. Uliinuka kidogo sana juu ya gurudumu la nyuma, labda upana wa ukucha, kisha ukashuka kuelekea taa. Kamba isingeujua kamwe. Tulikwenda inchi kwa inchi, mimi nikishika, yeye akibandika kwa kidole gumba, Baba akitushikia tochi. Ilituchukua karibu saa nzima upande mmoja. Kisha akatusukuma nyuma, kompresa ikanguruma, na bunduki ya rangi ikapita mara moja, mara mbili, mara tatu, mkono wake ukienda kwa mwendo uleule kama mtu anayefagia nyumba ya mgonjwa aliyelala.

Alipobandua tepu jua lilikuwa limeanza kugusa paa. Mstari ule wa serikali, uliokuwa umewekwa kwenye maelfu ya magari kama bandeji, juu ya gari letu ulikaa kana kwamba uliachiwa nafasi tangu mwaka 1968. Yule kijana mwenye Nissan alikuja, akauzunguka, akaondoka akaenda kusimama mbele ya lake.

Mikanda ilifungwa mchana ule. Kijana wa Mzee alitoboa sakafu kwa drili, na kila chuma kilipopenya Baba alikunja uso, lakini hakumzuia.

Jumatatu ya tarehe 2 Februari matatu nyingi hazikuonekana barabarani, watu wakatembea kwenda kazini makundi makundi. Sisi tulikuwa na karatasi zote. Baba alikuwa ananipeleka Nairobi kwa shangazi kununua sanduku la shule, akaniambia nikae mbele. Kabla ya kuwasha injini aliinama juu yangu, akavuta mkanda mpya uliokuwa bado unanuka plastiki, akaubana hadi ukalia ta. Akaujaribu tena kwa kuuvuta. Kisha akanyoosha mkono mbele yangu, akaweka vidole vitatu juu ya nguzo ya kioo, akaviacha pale kwa muda, na ndipo akageuza ufunguo.